Kitabu cha Kufungia Njugu

Kongo, Kawangware
Jumatatu, 10 Februari 2025

Kwa Marion wa vitabu, Makina,

Sikusalimu. Juzi Jumamosi nilisimama mlangoni kwako, mbele ya watoto wote waliokuwa wamekaa kwa mkeka, nikaapa kwamba mdomo huu hautakutamkia neno tena mpaka niingie kaburini. Na mimi nikiapa nimeapa, uliza mtaa huu wote wa Kongo. Lakini mkono sikuuapia. Kwa hivyo kaa chini usome. Barua anakuletea Njambi, yule jirani yangu anayeuza mitumba hapo soko la Toi. Usimwulize kitu, yeye ni wa kubeba tu.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, huko Kitui, na nilikuwa wa tatu kwa darasa. Kama kuna mahali mwandiko wangu unakusumbua, sumbuka.

Wewe ulimpa mjukuu wangu Whitney kitabu, Ng'ambo ya Reli. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, maharagwe yanaungua, moshi umejaa nyumba, na yeye macho yamezama humo kama mtu anayetafuta sindano. Nikamnyang'anya. Nikavaa miwani nikasoma ukurasa wa kwanza na wa pili, kwa kidole, pole pole, na sikufika mbali. Kuna msichana anaitwa Selina. Analelewa na nyanya yake anayeuza mahindi ya kuchemsha. Na huyo Selina anamkazia nyanya macho anamwambia, "Wewe si mama yangu."

Marion, hayo ndiyo maneno Whitney aliniambia mimi. Hivyo hivyo, na shingo ameisimamisha. Nikasema ahaa, kumbe kuna shule ingine! Kumbe kuna mwanamke huko Kibera anakusanya watoto wa wenyewe kila Jumamosi, anawafundisha kutukana waliowalea, halafu anaita hiyo kusoma.

Huyo mtoto niliachiwa akiwa hajaota meno. Mama yake ni Kavindu, binti yangu wa kuzaa. Alimlaza juu ya kitanda changu akasema anaenda dukani. Duka gani hilo la miaka? Mimi nikamlea, mpaka leo yuko Form Two. Na siku ile ya kitabu, nilipokataa kukirudisha, alifunga begi akaenda kukaa huko huko Makina na huyo mama yake, na bwana ya mama yake, Shiundu, fundi wa vitanda. Hii ni wiki ya pili. Asiporudi, hapa nimebaki mimi na jiko.

Sasa sikia adhabu yako. Kitabu chako kiko mbele yangu, kando ya karai. Mimi nauza njugu kwa steji ya matatu. Siku zote nafungia kwa magazeti ya zamani. Tangu asubuhi ya leo nafungia kwa Selina. Nang'oa ukurasa, nauzungusha kwa kidole, nakunja chini, natia njugu, natia chumvi. "Chukua, baba." Nilianza na ule wa matusi. Nitamaliza wote mpaka kava. Ukipita mahali uone mtu anatafuna njugu, jua anatafuna kitabu chako. Utajua hujui.

Na kwa sababu najua utajibu kwa kiburi, wacha nikufunze kazi yako. Kama lazima upatie watoto hadithi, wape ya msichana anayeamka mapema, anateka maji, anaheshimu watu, anapita mtihani, anamjengea nyanya yake nyumba ya mawe. Hiyo ndiyo riwaya ya kijana. Akiimaliza, amepata kitu.

Ni mimi,
Nduku Nzuki, Susu wa Whitney


Makina, Kibera
Alhamisi, 13 Februari 2025

Shosho Nduku,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nikiwa nimekaa.

Kitabu hicho nina kimoja tu. Hakichapishwi tena. Nilikiokota Toi, chini ya rundo la majarida, na tangu siku hiyo kimepita mikono ya vijana wengi wa hapa mpaka jalada likashikiliwa na gamu ya viatu. Wewe unakifungia njugu. Hata aliyeniibia simu hakuniuma hivi. Tena ulikuja kunitukana mbele ya watoto wangu wa klabu, na wengine wao wamesema hawarudi tena.

Unaniambia niwape hadithi ya msichana anayeteka maji. Ninazo, Shosho, rafu nzima. Zilikuja na wafadhili na zinang'aa mpaka leo. Mtoto anakichukua kitabu Jumamosi hii, anakirudisha Jumamosi ijayo, kurasa bado zimeshikana. Nikimwuliza kilikuwaje ananiambia, "Kilikuwa na mafunzo," huku anaangalia mlango.

Mimi simwulizi kijana anapenda nini. Hajui. Namwuliza, nani amekukosea? Hapo hasiti hata kidogo. Kuna mmoja wa Form Two hapa, Ryan, alinijibu, "Mwalimu wa hesabu." Nikampa hadithi ya mvulana aliyefukuzwa shule, akakua, akarudi hapo kama mkaguzi. Huyo Ryan alikuwa hajawahi kumaliza hata kijitabu. Alikirudisha kimejaa alama za vidole, akaniuliza, "Iko ingine ya mtu kulipiza?" Vijana hawasomi wafunzwe. Kufunzwa wanafunzwa kutwa nzima, nyumbani, shuleni na kanisani. Wanasoma waone mtu akilipwa alichotenda.

Whitney nilimwuliza swali hilo hilo. Alichonijibu ni siri yake na mimi. Lakini maneno aliyokuambia hakupewa na mimi wala na Selina. Alikuja nayo.

Nirudishie kurasa zilizobaki. Usipozirudisha, nami nitajua la kufanya.

Marion Apiyo


Kongo, Kawangware
Jumatano, 19 Februari 2025

Marion,

Mimi si Shosho. Shosho ni nyanya wa kwao akina Njambi. Kwetu ni Susu, na mimi si Susu wako. Niite Mama Kavindu, ingawa jina hilo linaniwasha masikio.

Siri yake na wewe? Mtoto wangu hana siri na mtu wa kukutana naye kwa mkeka! Sema alimtaja nani. Kama ni mama yake aliyemtupa, sema. Kama ni mwalimu, sema, niende nimwone na mwiko. Au ulimwambia wewe jina la kutaja?

Halafu umeniletea balaa hapa. Wiki jana vijana wawili wa shule walininunulia njugu. Jioni wakarudi. "Susu, hii imeishia Selina yuko juu ya reli. Ile inayofuata iko?" Nikawaambia mimi nauza njugu, siuzi habari. Mmoja wao, Marvin, mrefu kama mlingoti wa stima, akaniambia, "Sawa Susu, tuuzie njugu, lakini sisi tuchague karatasi."

Marion! Wachague karatasi! Jana walikuwa foleni. Msichana mmoja alinunua, akafungua, akasoma akiwa amesimama, njugu akazimwagia kuku wa watu. Njugu nilizokaanga mimi na jasho langu! Nikamwambia, "Wewe, kwani mama yako amekuzaa kwenye ghala?" Hakunisikia. Alikuwa amefika kwa aya ya chini. Sasa wanakaa kwa ngazi za ploti ya jirani, wanabadilishana kama watu wa karata. "Nani ako na ile nyanya anatupa viatu nje?" "Mimi niko nayo, lakini nipe kwanza ile ya stesheni." "Huyo nyanya ni mnoma, mkali." "Huyo nyanya ni kama Susu." Nikageuka. Wakainamia karatasi zao.

Nilitaka kukiua kitabu chako, kumbe nakitembeza.

Basi nikabadilisha. Natoa wa katikati, natoa wa nyuma, natoa wa mbele, wachanganyikiwe. Na zile kurasa za mwisho kabisa nimemfungia mzee mmoja wa Kangemi, mtu wa haraka zake, hana habari na Selina. Alizipangusia mikono mbele yangu akaondoka nazo. Hapo hawafiki. Marvin karibu alie. "Susu, huwezi kumfanyia mtu hivyo." Nikamwambia mimi nimefanyiwa mabaya kuliko hayo na hukuniona nikilia.

Lakini niambie kitu kimoja, na usidhani ni upole. Mwisho wake ulikuwa nini? Whitney hakumaliza. Akiondoka hakuitisha sweta, hakuitisha chakula. Alisimama hapo mlangoni akasema, "Nipe kitabu changu." Nikakataa. Huyo Selina akishavuka hiyo reli, anaenda wapi?

Nduku


Makina, Kibera
Ijumaa, 21 Februari 2025

Mama Kavindu,

Nitakuambia, ili ujue ulichomfungia huyo mzee wa Kangemi.

Selina anarudi. Ni kwa ukurasa wa mwisho kabisa. Amekaa na mama yake, ameona ya huko, na asubuhi moja anavuka reli na begi lake mgongoni. Anabisha. Nyanya anamfungulia. Hakuna anayemwuliza mwenzake neno. Nyanya anamwekea mahindi kwa sahani, moto moto, anakaa kando yake wanakula. Kitabu kinaishia hapo.

Kila niliyempa kitabu hicho alifika mwisho akaenda zake nyumbani kusalimu waliomlea. Hata Whitney angefika. Ulimnyang'anya mahali Selina anapoondoka, basi mtoto akaondoka. Kurudi hakukujua, kwa sababu njia ya kurudi wewe uliifungia njugu.

Nenda ukaitafute.

Marion Apiyo


Kongo, Kawangware
Jumatatu, 24 Februari 2025

Whitney,

Njambi akupe hii mkononi mwako, si kwa mama yako.

Tangu Jumamosi nazunguka Kongo nikitafuta karatasi. Mimi, na mgongo huu. Nimeinama kwa mitaro, nimeingia nyuma ya vioski, nimepekua taka za watu nisiowajua. Wananiuliza, "Susu, umepoteza nini?" Nawaambia nimepoteza akili, nendeni zenu. Yule Marvin na wenzake wamenirudishia walizokuwa nazo, lakini wamenilazimisha kuahidi kwamba zikikamilika watasoma kutoka mwanzo. Nimezishona na uzi wa gunia. Zina mafuta na chumvi lakini zinasomeka. Zile za mwisho ndizo sikupata. Nilienda mpaka Kangemi, nikasimama sokoni nikimtafuta mtu ambaye sikumbuki hata sura.

Lakini mwisho nimeambiwa na huyo Marion wako. Selina anarudi kwa nyanya yake. Anarudi, Whitney! Anafunguliwa mlango, anawekewa mahindi, na hakuna anayeulizwa kitu. Sasa wewe uliondoka kwa sababu ya kitabu, basi urudi kwa sababu ya kitabu. Mimi sitakuuliza neno. Na wewe usiniulize, hasa mambo ya mama yako.

Kitanda kimekuwa kikubwa. Silalamiki, nakuambia tu.

Kuja huko siwezi. Unajua niliapa mguu wangu hautakanyaga kwa Kavindu. Na kwa geti la shule sitasimama kuvizia mtoto. Tabia hiyo nimewaachia wengine.

Njoo kabla ya Ijumaa, kuna maharagwe.

Susu wako


Makina, Kibera
Alhamisi, 27 Februari 2025

Susu,

Niko sawa. Nakula. Shiundu amenitengenezea kitanda, changu peke yangu. Siku za kwanza sikulala vizuri, nilikuwa nangoja mtu anipige teke.

Susu, nani amekudanganya? Selina harudi.

Kitabu nilikimaliza. Siku ile ya maharagwe nilikuwa nakirudia. Selina anakaa kwa mamake, si pazuri sana, si pabaya. Kila jioni anasikiliza viatu vya watu wakipita nje, akitafuta vya nyanyake, kwa sababu vilikuwa na mlio wake. Nyanyake ana kiburi, hataki kuja. Halafu siku moja anakuja. Anavuka reli yote, anafika mpaka mlangoni. Anasikia wanacheka ndani. Anasimama hapo. Halafu anageuka anaenda zake bila kubisha. Selina anakuja kuambiwa na jirani kesho yake. Kitabu kinaisha. Nilikirusha kwa ukuta, Susu. Nilimchukia huyo nyanya kuliko mtu yeyote.

Na si kitabu kilinifundisha kukuambia wewe si mama yangu. Nilikuambia shule zilipofunguliwa tu, kabla hata sijamjua Marion. Ulikuwa unapepeta njugu, ukanipiga na ungo. Labda umesahau. Ni ile siku mama alikuja kwa geti la shule akaniambia kila Krismasi alikuwa anakuja Kongo na nguo zangu, na wewe unamfukuza kabla nitoke kanisani. Nilikuuliza kama ni ukweli. Ukasema, "Ondoka, njugu zinaungua." Hazikuwa hata kwa jiko.

Miaka yote hiyo uliniambia hanitaki.

Marion aliponiuliza nani amenikosea, nilisema ni wewe. Ndio akanipa hicho kitabu. Sasa unajua.

Umemtuma Njambi na karatasi. Kutoka Kawangware hadi hapa ni kutembea tu, Susu. Wewe hutembea mbali kuliko hapo ukitafuta njugu za bei nafuu.

Whitney


Kongo, Kawangware
Ijumaa, 28 Februari 2025

Marion Apiyo,

Mwongo! Mwongo wa mchana kweupe! Mahindi moto moto kwa sahani! Hakuna mahindi! Nimeinamia mitaro ya Kongo kwa ajili ya mahindi ambayo hayako ndani ya kitabu. Nimeenda Kangemi. Na nimemwandikia mtoto uongo wako kwa mkono wangu, mtoto akanisahihisha kama mimi ndiye niko darasani.

Nimejua sasa alimtaja nani. Furahi.

Na ndiyo, nilimfukuza Kavindu. Usingoje kunisikia nikijuta. Alikuwa anakuja na nguo za mtoto mwingine kabisa, za mtoto aliyekuwa kichwani mwake. Whitney ana miaka saba, yeye ameleta gauni la mtoto wa miaka minne. Hajui hata mtoto wake amefika wapi kwa ukuta ninaompimia urefu! Nikamwambia aende akamtafute huyo wa kuvaa hilo gauni. Ningemfukuza tena leo. Aliyelala na njaa ili mtoto ale ni nani?

Lakini nikuulize wewe unayejua vitabu. Huyo nyanya wa Selina ni mwanamke wa aina gani? Anatembea njia yote hiyo, anafika mpaka mlangoni, anasikia watu wanacheka, anarudi? Kicheko kinauma? Kwa nini hakuupiga huo mlango teke? Mimi ningeingia nikacheka kuwashinda. Ningekaa kwa kiti chao kizuri. Yaani mtoto yuko ndani anangoja kusikia viatu, na wewe uko nje na viatu vyako unaviondoa pole pole wasisikie! Sijalala nikimfikiria. Aliyemwandika nani? Niambie anakaa wapi.

Na hicho ndicho kitabu unachopatia watoto? Cha watu wasiojua kubisha mlango?

Nduku


Makina, Kibera
Jumamosi, 1 Machi 2025

Mama Kavindu,

Ndiyo, nilidanganya, na nilifanya makusudi. Ulinitukana mbele ya watoto, ukararua kitabu changu, nikataka ukiinamie kwa mtaro. Njambi aliponisimulia vile ulivyokuwa ukizunguka, nilicheka mpaka nikashika meza. Hiyo ilikuwa zamu yangu ya kulipiza na imenitosha.

Kwamba ungemwandikia Whitney, sikuliwaza. Hilo limemgusa asiyenikosea. Nimeenda kwake leo nimemwambia mwenyewe. Klabu hakuja. Alikuwa amekaa nje mlangoni kwa mama yake na kitabu cha shule magotini, hakifungui. Kila mtu akipita anaangalia chini, miguu.

Unauliza kwa nini nawapa kitabu cha mtu asiyebisha. Sasa nitakuambia ukweli. Mwisho huo unawakasirisha wote. Ryan alitaka kukichana. Msichana mwingine alinirudishia akaniambia, "Huyo nyanya ni fala," na jioni hiyo akaenda kumwona babake ambaye walikuwa hawasemezani. Vijana siwapi vitabu wavifuate, Mama Kavindu. Nawapa wagombane navyo. Na katika wasomaji wangu wote, aliyegombana na hiki kuliko wengine ni wewe, na hata nusu hujakisoma.

Mwandishi alishafariki. Huwezi kumpiga.

Marion Apiyo


Makina, Kibera, kwa fundi wa vitanda
Jumanne, 4 Machi 2025

Marion,

Angalia hapo juu niko wapi, halafu tafuta kiti.

Usidhani nimekuja kwa sababu ya maneno yako. Nimekuja kumkomesha yule nyanya wa kitabu. Jumapili nilitoka kanisani na kitambaa changu kichwani, nikatembea, na njia yote nilikuwa namwambia, utaona, mama, utaona vile watu huenda kwa watu. Nikafika mlangoni. Na kweli, ndani walikuwa wanacheka. Kavindu ana kile kicheko chake cha tangu utotoni, cha kukosa pumzi. Miguu ilitaka kugeuka, sitakuficha. Nikasema haya, hapa ndipo yule mjinga alishindwa. Nikaupiga mlango na kiganja mpaka bati likalia mtaa mzima. Kicheko kikakatika. Nilisikia raha ambayo sijasikia miaka mingi.

Niliapa sitakanyaga kwa Kavindu, na sijakanyaga. Kodi inalipwa na Shiundu, kwa hivyo hapa ni kwa Shiundu. Na niliapa sitasema na Kavindu, sijasema. Nasema na mume wake.

"Shiundu, mwambie mke wako hii chai haina majani."

"Mama anasema chai haina majani."

"Mwambie mama majani yako kwa mkebe, ana mikono."

"Mama, anasema una..."

"Nimemsikia, Shiundu, mimi si kiziwi."

Hivyo tangu Jumapili. Maskini fundi, shingo imekauka kwa kugeuka. Jana alikimbia kazini kabla ya chai. Tukabaki mimi na Kavindu na sufuria katikati. Basi nikaiambia sufuria. Nikaiambia kila Krismasi, kila gauni lisilotosha, na usiku wa surua ya mtoto, na yule aliyesema anaenda dukani. Naye akaiambia sufuria mambo yake. Aliiambia alikuwa na miaka kumi na minane, na kwamba siku aliporudi mara ya kwanza, wiki ile ile, nilimfungia mlango. Nikaiambia sufuria hakubisha kwa nguvu. Akasema alibisha mpaka mkono ukavimba. Hapo nikaifunika sufuria. Whitney alikuwa nyuma ya pazia, miguu niliiona. Sikunyamaza kwa sababu yake, na mama yake pia hakunyamaza. Alikuwa anataka kujua, sasa amejua zote, zangu na zake.

Nilipofika Jumapili nilimwambia Whitney, "Funga begi twende." Akasema, "Siendi." Nikasema basi, na mimi siendi. Nikavua viatu. Kile kitanda alichotengenezewa peke yake, sasa yuko na mimi humo, na mateke yote. Usiku wa kwanza aliniambia, "Susu, songa." Nikamwambia nimesonga miaka kumi na mitano, leo ni wewe.

Kutoka mlangoni hapa nakuona ukifungua kwako. Jana ulisimama ukitaka kunisalimu. Usijaribu, kiapo changu kwako bado kiko. Hii barua naipitisha chini ya mlango wako nikienda choo. Na kitabu chako nimekuja nacho, kile cha uzi wa gunia, kiko chini ya mto. Watasoma kwanza watoto wa Kongo, niliwaahidi. Halafu wewe, siku nikitaka. Saa hii nakisoma mimi. Nina mengi ya kumwambia huyo Selina.

Sasa, tangu atoke shule Whitney ametoa begi chini ya kitanda. Hajasema anaenda wapi na mimi sijauliza. Anakunja nguo moja, anaiweka ndani, ananiangalia, anaitoa, anaikunja tena upya. Mama yake amesimama mlangoni na chai inapoa mkononi. Mtoto anajua namwona. Ni kusudi, ananitesa, na mimi naandika hapa kama mtu asiyekuwa na haja. Huyo hakufundishwa na kitabu chochote, Marion. Huyo ni wangu kabisa.

Amefika kwa soksi.

Nduku